Njia ya ningu: shajara ya banio letu

8 Septemba

Kamati imenichagua kuwa mwandishi. Nimenunua kaunta buku moja na kalamu mbili, na leo naanza. Kazi yetu ni kuwafungulia samaki njia kwenye banio la skimu ya mpunga, katika kijito kinachoingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, upande wa Magu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu ipo Igoma, jijini Mwanza, ila kitovu changu kilizikwa huku. Wajumbe wengine ni wakulima wanne wa skimu, wavuvi watatu wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi mwaloni kwetu, na Mzee mmoja asiye na cheo chochote lakini hakuna linaloamuliwa kabla hajasema. Alianza kuvua mto huu kabla hajaota ndevu.

Nimeshuka mtoni na futi kamba. Maji ni ya vifundoni. Banio ni ukuta wa zege unaokatiza kijito, mita 9 toka ukingo hadi ukingo, uliojengwa ili maji yapande na kuingia mfereji mkuu upande wa kushoto. Kutoka juu ya ukuta hadi usawa wa maji ya chini nimepata sentimita 85. Chini yake kuna sakafu ya zege, na maji yanayotua hapo hayazidi kina cha kiganja.

Mtoto wa darasa la tatu anaukwea ukuta huo bila hata kuvua begi. Nimekaa juu yake nikining'iniza miguu, nikamuwaza samaki wa sentimita 25 aliyetoka ziwani usiku kucha, tumbo limejaa mayai, anafika hapa.

14 Septemba

Jioni nimekaa na Mzee kwake. Nilitaka anisimulie habari za ningu, maana nimekula wakavu kwa bibi nikiwa mdogo lakini mtoni sikuwahi kuwaona kwa wingi.

“Mjukuu wangu,” akasema, “mvua kubwa ya kwanza ikinyesha huko juu, maji yakaja na rangi ya chai ya maziwa, wewe usilale. Ningu wanapanda usiku huohuo. Utawasikia kabla hujawaona, kama watu wanapiga makofi ndani ya maji.”

Anayosema Mzee ndiyo waliyoandika watafiti. Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria na mito yake. Hukwangua mwani na tope laini kwa ile midomo yake minene inayotazama chini. Mvua zikija huliacha ziwa na kupanda mito, akataga kwenye nyasi za kingoni zilizofunikwa na mafuriko. Mayai hayakawii kuanguliwa, na vifaranga wakishakua kidogo hushuka ziwani. Hasafiri peke yake. Kuyu, nembe, gogogo, domodomo na kambare nao huingia mitoni wakati huo, lakini Mzee akisema “samaki wa mto” ujue anamsema ningu.

Alivyopungua ni habari inayouma. Nyavu za kisasa za kutegesha ziliingia ziwani mwaka 1905, kwenye ghuba ambayo leo inaitwa Winam, huko Kenya. Baadaye watu wakaona hakuna haja ya kumhangaikia ningu ziwani wakati anajileta mwenyewe mlangoni mwa mto, mayai tele. Midomo ya mito ikawa inazibwa kwa nyavu msimu hadi msimu. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, na sangara bado alikuwa mgeni ziwani. Leo ningu yumo kwenye orodha nyekundu ya kimataifa, kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Naandika haya ili mkulima yeyote asije akabebeshwa lawama kwamba banio ndilo lililommaliza. Lilimkuta keshapungua. Ila hawa wachache waliobaki ndio wanaogonga vichwa hapo kila mvua, na mimi sitaki kuwaona wanaisha tukiwa tumekaa.

21 Septemba

Kikao cha kupanga. Wiki nzima nilikuwa najisomea jinsi Wamarekani wanavyowavusha samoni, nikaona niwaeleze wenzangu, kwa sababu hao wana uzoefu wa muda mrefu, wa mazuri na wa makosa.

Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni kwenye changarawe, hushuka baharini akakulia huko, kisha hurudi kwenye mto aliozaliwa, hutaga na kufa. Bwawa la Bonneville kwenye mto Columbia lilianza kazi mwaka 1938 likiwa na ngazi za samaki: madimbwi yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja limemzidi mwenzake kwa futi moja hivi, samaki anapanda huku anapumzika. Grand Coulee, bwawa kubwa zaidi kwenye mto huohuo upande wa juu, halikuwekewa ngazi. Samoni wakapoteza mto wote uliobaki nyuma yake.

Mvuvi mmoja akauliza, “Si tuchukue vipimo vya hao wa Bonneville, tujenge?” Nikatoa karatasi yangu ya hesabu. Maji yakianguka, kasi yake yakifika chini inatokana na kimo yalikotoka, uwe mto Columbia au kijito chetu. Yakianguka sentimita 85 yanafikia mita 4 kwa sekunde. Yakianguka futi moja yanafikia mita 2.4. Samoni ana urefu wa mkono wa mtu mzima na anaruka. Samaki mdogo akikaza misuli yote, kwa sekunde chache tu, anakwenda kama mara kumi ya urefu wake kila sekunde. Ningu wa sentimita 20 ni mita 2, na hapo kamaliza nguvu. Tukizigawa zile sentimita 85 kwa ngazi 7, kila ngazi ni sentimita 12 na maji yatapita kwa mita 1.5. Ningu atapita na nguvu zitabaki.

Tumekubaliana hivi: ukingo wa kulia tukate pengo ukutani, upana sentimita 20, kina 30. Chini yake tupange mistari 6 ya mawe makubwa yenye nafasi katikati. Hiyo itatupa ngazi 7 na madimbwi 6, kila dimbwi mita moja na nusu. Mawe hayatatusumbua. Mwanza mawe tunazaliwa nayo.

Ubishi ulikuwa kwenye pengo. Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, ambaye majaruba yake (vishamba vya mpunga vyenye matuta) ni ya kwanza kunywa maji ya mfereji, alisimama: “Mnatoboa banio halafu mpunga wangu unywe nini?” Swali la haki. Pengo hilo litapitisha lita 50 hivi kwa sekunde, na kiangazi hizo ni nyingi mno kuachia. Tukaafikiana pengo liwe na mifereji miwili ya chuma pembeni ya kuteremshia mbao. Mto ukijaa, maji yakipita juu ya ukuta bila kazi, mbao zinatolewa. Mto ukipungua, mbao zinarudi, na funguo ya kufuli inakaa kwa Mayu. Hilo la funguo alilisema Mzee, na likamaliza kikao.

10 Oktoba

Ridhaa za maandishi zimepatikana. Tunaanza.

12 Oktoba hadi 2 Novemba

Nimeandika kidogo kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Mikokoteni ya ng'ombe mitatu, safari nyingi kutoka mlimani. Mawe ya chini yamezikwa theluthi moja ili maji yasiyasukume. Kati ya jiwe na jiwe tumeshindilia kokoto, sehemu za wazi zikaachwa kwa zamu, moja kushoto na nyingine kulia, ili maji yasikimbie mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Tumeyaacha mawe na ukwaru wake na sakafu ya madimbwi tumeitandika changarawe, kwa sababu samaki wadogo hujificha nyuma ya vitu, maji yakiwa taratibu hapo hata kama juu yanakimbia.

Pengo la ukutani nimelikata mimi. Kila ngazi nimeipima kwa bomba la maji la mafundi ujenzi. Zote zipo kati ya sentimita 11 na 13. Nimelala vizuri siku hiyo.

17 Novemba, usiku

Ilinyesha tangu saa tisa alasiri huko juu, kwetu mawingu tu. Saa mbili usiku kijito kikaja. Kwanza harufu ya udongo, halafu mlio, kisha maji yenyewe na takataka zake. Tulikuwa watano ukingoni na tochi tatu.

Tukisubiri, Mzee aliniuliza huyu Speke wa ghuba alikuwa nani hasa. Nikamwambia ni Mwingereza aliyeliona ziwa hapa Mwanza mwaka 1858, na kwamba Julai 1862, kule Jinja ambako Naili inatoka ziwani, aliandika kuwa aliona samaki kwa maelfu wakiyarukia maporomoko, wavuvi wamejipanga juu ya miamba na ndoano zao. Yakaitwa maporomoko ya Ripon. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, miamba ile ikafunikwa na maji. Mzee alitikisa kichwa. “Kumbe hata huko walikuwa wanapanda,” akasema.

Saa nne na robo nikasikia makofi. Sikuhitaji kuambiwa ni nini.

Walikuwa chini ya ukuta, katikati kabisa, pale maji yanapomwagika kwa wingi. Nilishika tochi karibu na sakafu ya zege. Mmoja alijirusha, akagonga ukuta kama sentimita 40 kutoka chini, akaanguka ubavu juu ya zege, akahangaika kurudi kwenye kina, akajirusha tena. Nyuma yake wengine, migongo ya kijivu, vichwa vyote vimeelekea ukutani. Niliona magamba yamebandika kwenye zege, madogo, yaking'aa kwenye mwanga wa tochi.

Nikakimbia kwenye ngazi yetu. Dimbwi la kwanza, la pili, la tatu. Kambare mmoja. Basi.

18 Novemba

Sikulala. Asubuhi Mzee alinikuta nimekaa kwenye mawe. Akaniambia jambo nililopaswa kumuuliza mwezi Septemba: “Samaki anafuata sauti ya maji mpaka mahali pa mwisho anapoweza kufika. Mlango wenu umekaa huku chini, yeye keshaupita.”

Ndivyo ilivyo. Madimbwi 6 ya mita moja na nusu ni mita 9. Ngazi yetu imenyooka, kwa hiyo mlango wake upo mita 9 chini ya ukuta, pembeni, na maji yake ni kidogo ukilinganisha na kishindo cha ukutani. Ningu anaupita bila kuuona, anafika chini ya ukuta na kubaki hapo akijiumiza. Hesabu ya kasi ilikuwa sahihi kabisa, ila mahali pa kuingilia sikupafikiria hata mara moja, na kosa hilo ni langu.

20 hadi 26 Novemba

Tumekunja ngazi. Madimbwi matatu ya juu yamebaki. Matatu ya chini tumeyavunja na kuyageuza yarudi kuelekea ukutani, hivyo sasa mlango unatazama pale pale wanapokusanyika, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye ukuta. Kazi ya kiangazi tumeifanya kwenye maji ya mapajani, kwa viroba vya mchanga 60. Mvuvi mmoja jiwe lilimkandamiza kidole. Kimefungwa, hakikuvunjika.

Vilevile tumepanga viroba juu ya ukuta upande wa kushoto ili maji mengi yamwagikie kulia, karibu na mlango wetu. Kama wanafuata sauti, tuihamishe sauti.

4 Desemba

Wamepanda.

Maji ya mafuriko ni tope, huwezi kuona samaki ndani hata kwa tochi kali. Kule Bonneville watu hukaa nyuma ya kioo wakihesabu kila samaki anayepita, na hesabu yenyewe ilianza mwaka ule wa 1938. Sisi tumetumia mgono, mtego wa samaki wa kusukwa. Wavuvi wetu wameusuka mpya, mdomo wake unakaa sawasawa kwenye pengo la juu. Tunautega dakika 10, tunauinua, tunahesabu, tunawaachia upande wa juu, tunapumzika dakika 20, tunautega tena.

Kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane: ningu 31, kuyu 5, gogogo 9, kambare 14, na vidogo vidogo ambavyo hatukuvihesabu. Ningu wa kwanza nilimtoa mimi. Alikuwa baridi na mzito kuliko nilivyotarajia, midomo ikichezacheza kama inatafuta kitu cha kukwangua kwenye kidole changu. Pua yake ilikuwa imechubuka. Nimemteremsha taratibu juu ya ukuta, akakaa kitambo bila kusogea mkononi mwangu, halafu akaondoka.

Mzee aliomba amshike mmoja. Akamshika, akamwachia, akaenda kukaa peke yake kwenye jiwe.

9 Desemba

Asubuhi tumekuta wavu wa timba, ule wa uzi wa plastiki, umefungwa kwenye mlango wa ngazi, fimbo kwa fimbo. Ndani yake ningu 12, wote wamekufa, wanne bado na mayai.

Mwenye wavu ni kijana wa hapahapa na hakujificha. Alisema Januari shule zinafunguliwa na ana watoto watatu. Sikupata neno la kumjibu wakati ule. Nilikuwa nimeshika samaki mwenye mayai, nikawa na hasira na huruma kwa pamoja.

Tulichojenga ni mahali pembamba ambapo kila samaki wa mto huu atapita. Kwa mtu mwenye wavu hapo ni bora kuliko mdomo wa mto wowote wa miaka ile. Tungepaswa kuliona hili kabla ya jiwe la kwanza.

13 Desemba

Mkutano wa kijiji umekaa chini ya mwembe, watu wengi. BMU na skimu wamekubaliana: kutoka banioni hadi mita 200 chini na mita 200 juu, hakuna wavu, mgono wala ndoano kuanzia mvua za vuli hadi mwisho wa masika, isipokuwa mgono wa kuhesabia. Wavuvi walitaka na wao wapate kitu, nao wamepewa haki ya kuvua kambare kwenye mfereji wa kutolea maji baada ya mavuno. Kijana yule alisaini kama wengine. Jioni alikuja mwenyewe kuuliza zamu za kuhesabu zinaanza saa ngapi.

20 Desemba

Ningu wawili wameshuka kwa ngazi, tumbo limelegea, wamekonda. Samoni wa Pasifiki safari yake huishia mtoni, lakini huyu wetu anarudi ziwani akiwa hai na anaweza kupanda tena mwaka mwingine. Ngazi inabidi ifanye kazi pande zote mbili.

Januari

Mto umepungua. Mayu amefunga mbao zake na kufuli lake. Mpunga umesimama vizuri.

11 Februari

Mayu kanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. “Baba, njoo uone kilichomo jarubani kwangu.” Anatuita wote baba, hata watoto.

Maji ya jaruba yalikuwa ya kina cha shubiri, yametulia, na kati ya mashina ya mpunga kulikuwa na vitu vinavyochezacheza kama mbegu za ufuta zilizomwagwa. Tukachota kwa beseni jeupe. Kambare wadogo wengi, masharubu tayari. Na kati yao, wembamba, urefu wa kidole gumba, wenye midomo inayotazama chini. Nilimgeuza mmoja tumbo juu kwa kijiti ili nihakikishe. Ningu.

Nikafurahi, kisha furaha ikapoa. Wamezaliwa juu ya banio mwezi Desemba, wakati wa kushuka ukafika, wakakuta mdomo wa mfereji mkuu ukiwavuta kushoto. Mfereji unachukua sehemu kubwa ya maji ya mto siku hizi, na kifaranga anakwenda maji yanakokwenda. Hapa jarubani wana chakula na wanakua. Lakini mwezi Mei Mayu anakausha majaruba ili avune, na anayakausha kwa siku moja. Nilimuuliza miaka yote hawa huwa wanaishia wapi. Akanionyesha ndege kwa mkono: korongo na yangeyange.

Usiku nimerudi kwenye habari za samoni, safari hii nikisoma sehemu niliyoipita haraka mwezi Septemba. Kwenye mto Columbia na tawi lake la Snake, ngazi ziliwapandisha wakubwa, lakini watoto wanaposhuka kwenda baharini hupitia kwenye mitambo ya umeme, au huchepuka na maji ya umwagiliaji hadi mashambani. Kwenye mto Snake imefikia hatua samoni wadogo wanapakiwa kwenye matishari na malori, wakapelekwa kuachiwa chini ya bwawa la mwisho. Bonde la Yakima, ambako wanalima matunda kwa maji ya mifereji, midomo ya mifereji mikubwa imewekewa vichujio vya umbo la ngoma vinavyozunguka, na pembeni yake kuna njia ya kumrudisha samaki mtoni. Yote haya yalikuwa yameandikwa. Mimi nilisoma ngazi tu kwa sababu ngazi ndiyo niliyotaka kujenga.

2 Machi

Jaribio la kwanza la kichujio limeshindwa. Nilitumia wavu wa madirisha kwenye fremu, nikausimamisha kukatiza mfereji. Usiku mmoja majani na magugu yakauziba, maji yakapanda, yakapasua tuta la mfereji na kuchukua kona ya jaruba la Mayu. Leo nimeshinda na jembe nikilirudisha tuta. Mayu aliniletea uji saa nne, hakusema kitu, na kimya chake kilinikaa.

9 hadi 16 Machi

Nipo karakanani Igoma. Nimenunua bati la matundu. Kanuni wanayotumia Wamarekani kwa vifaranga wadogo ni hii: tundu lisizidi milimita 2.4, na maji yanayoelekea kwenye tundu yasizidi mita 0.12 kwa sekunde, ili kifaranga aweze kujibandua badala ya kugandishwa kwenye bati. Mfereji wetu hupitisha lita 60 kwa sekunde ukijaa. Ukigawa, unapata nusu mita ya mraba ya bati iliyozama. Mfereji una kina cha sentimita 30, kwa hiyo nikikata bati la urefu wa mita 2.4 napata 0.72, na akiba ya takataka ipo.

Jambo kubwa ni jinsi ya kulilaza. Halikatizi mfereji. Linakaa mshazari, linaanzia ukingo wa kulia juu na kuishia ukingo wa kushoto chini, hivyo maji yanalisugua kwa urefu wake wakati yanapenya. Majani na vifaranga wanateleza juu ya uso wake hadi kwenye kona ya mwisho, na hapo kuna bomba la inchi 4 linalowarudisha mtoni, chini ya banio. Kingo zote za bati nimezikwangua kwa tupa, nikapitisha kiganja mara kadhaa. Mahali panapokwaruza kiganja changu patamchana kifaranga.

24 Machi

Kichujio kipo mahali pake. Brashi ya kufagia tumeifunga kwenye mti mrefu. Kijana yule wa timba ndiye anakifagia asubuhi na jioni, anakaa karibu.

7 Aprili

Masika imeanza kwa nguvu. Mbao zimetolewa, ningu wanapanda tena. Sikukaa kwenye ngazi. Nilikwenda mwisho wa bomba na ndoo yenye kitambaa.

Kwa dakika 10 za kwanza yalitoka majani matupu na konokono. Za pili, kambare watatu wadogo na mmoja ambaye nilimpoteza kabla sijamtazama. Za tatu, ningu wawili, urefu wa nusu ya kalamu, wazima, hawana mchubuko. Niliwamulika ndani ya ndoo, wakawa wanakimbilia kwenye kivuli cha mkono wangu. Nikaimimina ndoo taratibu mahali penye nyasi ili wasibebwe na mkondo mara moja.

Kilo ngapi za samaki zitatoka kwenye hili, mimi sijengi kwa hesabu hiyo.

19 Mei

Vifaranga walioingia kabla ya kichujio bado wapo majarubani, na mavuno yamekaribia. Tumechimba mfereji mpya wa kutolea maji, mita 140, kutoka majaruba ya Mayu na jirani zake hadi mtoni. Zamani maji hayo yalikuwa yanamwagwa kwenye mbuga na kukauka huko. Ndani ya kila jaruba tumechora mfereji mdogo wa katikati, kina cha jembe moja, ili maji yakipungua samaki wawe na mahali pa kukusanyika na kuteremkia.

Nilimwomba Mayu asikaushe kwa siku moja. Nilimwomba siku tatu, usiku tu, jua likiwa halipo na ndege wamelala. Akaniuliza mpunga utapata shida? Nikamwambia ukweli, kwamba utachelewa siku mbili kukauka. Akasema atafikiri.

23 Mei

Mayu amefungua tuta la kwanza jana jioni saa moja, upana wa kiganja tu. Nilifika saa tatu usiku nikamkuta amekaa kwenye kigoda penye mlango wa jaruba, khanga begani, taa ya sola mapajani. Maji yalikuwa yanatoka kwa sauti ndogo sana. Kila baada ya muda kidogo kulipita kivuli chembamba kwenye mwanga, halafu viwili kwa pamoja.

“Nimehesabu mpaka mia na arobaini,” akaniambia, “halafu usingizi ukanipitia, sijui wangapi wamepita. Wewe hesabu sasa.”

Nikakaa chini kwenye tuta nikaendeleza kutoka mia na arobaini. Alfajiri maji yalibaki kwenye ule mfereji wa katikati tu. Mayu akaingia na miguu mitupu, akaenda kutoka juu hadi chini akiwasukuma polepole kwa viganja vyote viwili, kama anafukuza vifaranga vya kuku kuingia bandani. Wa mwisho walipotoka alinawa mikono akaniambia nimwamshe jirani yake. Leo usiku tunafungua la kwake.